Mali Bila Daftari: Maktaba ya Umma Mbele ya Mitandao ya Kijamii

Utamaduni wa taifa hautunzwi kwa kutendwa peke yake. Ngoma huchezwa ikaisha, hadithi husimuliwa wasikilizaji wakaenda kulala, na mjadala wa barazani huvunjika jua linapotua. Kinachoyafanya mambo hayo yawe urithi, yasiwe tukio la siku moja tu, ni kuwapo kwa mtu au chombo cha kuyaweka, hata wale ambao hawakuwapo wapate kuyajua. Wahenga waliliona jambo hilo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki rai mbili zinazosikika sana siku hizi kuhusu maktaba za umma na mitandao ya kijamii. Rai ya kwanza husema kwamba simu imeiua maktaba. Vijana hawasomi, yasemwa, kwa sababu macho yao yako kwenye WhatsApp na Instagram. Na mtumishi wa maktaba naye, badala ya kumhudumia msomaji, huinamia simu yake saa za kazi. Rai ya pili ni kinyume cha hiyo: kwamba maktaba haina haja tena, maana kila kitu kimo ndani ya simu. Rai hizi hupambana katika midahalo ya shule zetu, lakini kwa maoni yetu zinashiriki kosa moja. Zote mbili hudhani kwamba maktaba na mtandao hufanya kazi ile ile, na kwamba kimoja hakina budi kukiondoa kingine. Tutajaribu kuonyesha kuwa sivyo. Mtandao wa kijamii ni baraza. Maktaba ni daftari. Baraza lisilo na daftari husahau, na daftari lisilo na baraza huliwa na mchwa.

Mfano wetu utakuwa Bukoba, na hasa kata kama Kitendaguro. Kitendaguro ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba. Wakazi wa kata za namna hii ni watu wa mji kwa mujibu wa mipaka ya utawala, lakini mgomba na mbuni havijawa mbali na nyumba zao. Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022. Na maktaba ya mkoa iko mjini Bukoba. Kwa mwanafunzi wa Kitendaguro, kwenda maktaba ni safari ya kushuka mjini baada ya masomo na kupanda tena kabla ya giza, ilhali nyumbani kuna kuni, maji na wadogo wa kuangalia. Simu, kwa upande wake, haihitaji safari. Imo mkononi mwa mzazi au kaka. Kabla ya kumlaumu kijana kwamba ameiacha maktaba, yatupasa kwanza kuuliza kama maktaba ilipata kumfikia.

Hapa historia ina la kutufundisha. Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu ilianza kuvipeleka kwa wasomaji, ikiwa ni pamoja na vitabu vilivyosafirishwa katika masanduku. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria mpya ya mwaka 1975 ndiyo iliyoweka msingi wa Bodi ya Huduma za Maktaba kama tuijuavyo. Kwa hiyo tangu mwanzo maktaba ya umma haikukusudiwa iwe jengo la watu wachache wa mjini, bali huduma ya wananchi wote.

Mkoa wa Ziwa Magharibi haukuachwa nyuma katika jitihada hizo. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mikoa minne ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ilifanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mkulima wa Bukoba hakuanza kwa herufi zisizo na maana kwake. Alianza kwa mgomba. Kisha zikafuata maktaba za vijijini, ambazo nyingi zilikuwa kabati moja la vitabu katika chumba cha shule au ofisi, ili yule aliyehitimu kisomo asisahau alichojifunza.

Lakini mfano unaofaa zaidi kwa hoja yetu ni kampeni ya redio ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12, takriban watu milioni 2 walikutana katika vikundi kote nchini. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio. Kikasoma sehemu ya kijitabu kilichohusu somo la juma hilo, kama vile malaria au kuhara. Kikajadili hali ya kijiji chake. Kisha kikaamua la kutenda, iwe ni kuchimba vyoo, kufyeka majani au kufukia madimbwi. Mambo matatu yaliungana hapo: sauti iliyotoka mbali, maandishi yaliyobaki mkononi, na kikundi chenye kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Hakuna aliyesema mwaka ule kwamba redio imekiua kitabu. Redio iliwaita watu, na kitabu kikawaweka.

Sasa na tuitazame rai ya kwanza kwa kipimo hicho. Kama simu ndiyo iliyoiua maktaba, basi maktaba zingalikuwa hai mpaka simu ilipokuja. Mambo hayakuwa hivyo. Simu za mkononi zilianza kutumika nchini katika miaka ya 1990, nazo mitandao ya kijamii ilienea miaka mingi baadaye. Lakini kabati nyingi za maktaba za vijijini zilikuwa zimekwisha kuwa tupu kabla ya hapo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na hali ngumu ya uchumi katika miaka ya 1980 viliadimisha karatasi, vitabu na magari ya kuvisambazia. Kitabu kilichochakaa hakikupata cha kukirithi. Msimamizi wa kabati, ambaye mara nyingi alikuwa mwalimu mwenye vipindi vyake, alibaki na ufunguo wa kabati lisilo na kitu. Hayo yalitokea katika nchi ambayo, kwa takwimu rasmi za mwaka 1986, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hata kuwa chini ya asilimia 10. Tuliwafundisha watu kusoma, kisha tukawanyima cha kusoma. Simu ilikuta pengo, haikulichimba.

Kuhusu mtumishi aliyeinamia simu, hatutaki kumtetea yule anayeacha wasomaji wakisubiri huku yeye akicheka na picha za vichekesho. Huo ni uzembe, na uzembe ulikuwapo hata zama za magazeti na redio ya mezani. Lakini kukataza simu kazini bila kuuliza simu hiyo ingeweza kufanya kazi gani ni kutibu kikohozi kwa kuziba mdomo. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimezidi milioni 80. Msomaji wa Kitendaguro ambaye hawezi kushuka mjini kila siku anaweza kumwuliza mkutubi kwa ujumbe mfupi kama kitabu fulani kipo au kimeazimwa. Mwalimu anaweza kupata orodha ya vitabu vilivyoingia mwezi huu. Mkulima anaweza kuuliza swali, na mkutubi akamjibu kwa kumtajia kitabu na ukurasa. Hiyo ni kazi ya ukutubi hasa, nayo hufanywa kwa simu. Basi swali la kumwuliza mtumishi si kama ameshika simu, bali ni hili: mazungumzo aliyokuwa nayo, je, yamempeleka msomaji kwenye kitabu, au yamemwondoa?

Tuigeukie rai ya pili, isemayo kwamba kila kitu kimo ndani ya simu. Bukoba yenyewe inatupa ushahidi wa kuipima. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Nyumba nyingi za Kagera zikaingia matanga. Habari zile zilifika kwa redio na kwa magazeti. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Safari hii dunia iliona picha za wavuvi na wananchi wakihangaika kuokoa wenzao muda mfupi tu baada ya ajali, kwa sababu watu waliokuwa ufukweni walikuwa na simu. Kwa upande wa kasi, hakuna ubishi: mtandao umeshinda.

Lakini tuchukue mwanafunzi wa mwaka 2050 atakayetaka kuandika insha juu ya misiba hiyo miwili. Kwa ule wa mwaka 1996 atakwenda kwenye magazeti ya siku zile, maana sheria yetu inawataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao kwa Bodi ya Huduma za Maktaba ili zihifadhiwe. Kwa ule wa mwaka 2022 atapata pia magazeti na taarifa rasmi. Ila ushahidi wa wananchi wenyewe, yaani zile picha, zile sauti, yale maneno waliyoandikiana ndugu usiku ule, atauona wapi? Simu nyingi zitakuwa zimekwisha kuharibika au kuuzwa. Makundi yatakuwa yamevunjwa. Kampuni za nchi za mbali zinazomiliki mitandao hiyo hazikuapa kumtunzia Mhaya wala Mtanzania kumbukumbu yake. Hapo ndipo msiba ulioonwa na dunia nzima unapoweza kuwa na ushahidi mchache wa wananchi kuliko wingi wa picha zake ulivyoahidi.

Hata mataifa tajiri yamekwama katika jambo hili. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ni mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani, ilitangaza kwamba itahifadhi kila ujumbe wa hadhara uliotumwa kwenye mtandao wa Twitter. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 iliutangazia ulimwengu kwamba haitaendelea hivyo. Kuanzia Januari 2018 ingechagua tu yale yenye umuhimu. Funzo lake kwetu si kwamba kuhifadhi ni kazi bure, bali ni kwamba kuhifadhi ni kuchagua, na kuchagua kwahitaji mtu mwenye elimu na dhamira. Mashine huweka kila kitu au hupoteza kila kitu. Mkutubi ndiye ajuaye kipi kitatakiwa kesho.

Katika utamaduni wa Kihaya jambo hili halina ugeni. Mtribi wa nanga aliimba tendi za mashujaa mbele ya wasikilizaji waliozijua na kuzidai vizuri. Tendi hizo ziliishi kwa sababu palikuwa na baraza la kuzisikiliza na fundi wa kuzikariri. Baraza lilipoanza kupungua, ilibidi pawepo daftari. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alizikusanya na kuzichunguza tendi za nanga katika utafiti wake wa miaka ya 1970 na 1980, na kazi hiyo ndiyo inayowawezesha wanafunzi wa vyuo kuzisoma hivi leo. Jirani yao wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, alimaliza kuandika riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini umma uliipata kwa Kiswahili mwaka 1980 tu, wakati mwandishi alikuwa mzee sana. Miaka 35 muswada ule ulisubiri. Laiti ungalipotea, tusingalijua tulichopoteza. Leo kijana anaweza kumrekodi babu yake kwa simu akipiga nanga na kuwatumia wenzake jioni hiyo hiyo. Ni jambo jema kabisa. Lakini kama rekodi hiyo haina jina la mwimbaji, wala mahali, wala tarehe, wala nakala iliyowekwa mahali pa kudumu, basi imefika kwa watu wengi na haijahifadhiwa na yeyote.

Wala si nyimbo tu. Mnamo mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa mkoani Kagera, na kwa mkoa ambao chakula chake ni ndizi, hilo lilikuwa jambo la uhai. Wataalamu walifundisha kwamba ua dume liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, na kwamba panga lililotumika kwenye mgomba mgonjwa lisafishwe kabla ya kuguswa mgomba mzima. Ujumbe kama huo huenea upesi sana ukitiwa katika kundi la WhatsApp la kijiji. Lakini katika kundi hilo hilo huweza kuingia pia dawa ya uongo, na zote mbili huonekana sawa kwenye kioo cha simu. Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na Januari 2025 ukatangazwa tena wilayani Biharamulo. Wakati wa maradhi ya namna hiyo, tofauti kati ya habari iliyothibitishwa na uvumi ni tofauti kati ya kuokoka na kufa. Mkutubi si daktari wala bwana shamba. Ila kazi yake ya kila siku ni kujua maneno yametoka kwa nani, lini, na yanathibitishwa na nini. Ujuzi huo ndio mitandao inaoukosa kuliko kitu kingine chochote.

Yapo matatizo ambayo hatuna ruhusa ya kuyafumbia macho. Kwanza, ni gharama. Bando si bure, na maktaba inayomtaka mtumishi wake ajibu wasomaji kwa fedha za mfukoni mwake inamnyonya. Pili, ni haki za waandishi. Kupiga picha kitabu kizima na kukigawa katika kundi ni kumwibia mwandishi, na taifa linalowaibia waandishi wake halitapata vitabu vipya. Tatu, ni heshima ya watu. Picha ya marehemu au ya mgonjwa si mali ya aliyeipiga. Maktaba isiipokee bila idhini ya wahusika. Nne, ni idadi na mafunzo ya watumishi. Tunacho chuo cha ukutubi huko Bagamoyo, lakini mhitimu akipangiwa kazi ya kufungua mlango na kupiga muhuri peke yake, elimu yake itachakaa kama vitabu visivyoazimwa.

Matatizo hayo yasitufanye tukae tukisubiri majengo makubwa. Mwaka 1996 Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, kwa kuwa barabara hazikuwepo na ngamia walikuwepo. Huko Kitengesa karibu na Masaka, nchini Uganda, maktaba ya wanakijiji ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu shuleni. Kote kuwili watu walianza na chombo kilichokuwa tayari mikononi mwao. Katika kata za Bukoba, chombo kilichopo tayari ni simu, na watu waliopo tayari ni walimu na wanafunzi.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu mambo yanayowezekana muhula huu huu. Shule iwe na sanduku la vitabu vilivyoazimwa kutoka maktaba ya mkoa kwa utaratibu uliokubaliwa, na mwalimu mmoja awe kiungo kati ya shule na mkutubi kwa simu yake, kwa kuwa shule zetu nyingi huwakataza wanafunzi kuwa na simu shuleni. Swali likiulizwa darasani, jibu litafutwe katika vitabu, na jina la kitabu liandikwe ubaoni pamoja na jibu. Wakati wa likizo, wanafunzi wawaendee wazee wao na kuandika, au kurekodi kwa ridhaa yao, habari za kata: majina ya vilima na maana zake, namna za ndizi na matumizi yake, siku ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba na madarasa ya Bukoba. Kila habari iandikwe nani kasema, wapi na lini. Kisha nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe maktaba, ipokewe na kuorodheshwa kama kipokewavyo kitabu.

Mwanafunzi anayefanya kazi hiyo atajifunza jambo ambalo mdahalo wa simu na kitabu hauwezi kumfundisha. Atajua kwamba maneno yake mwenyewe yana thamani ya kuwekwa, na kwamba anayetaka yawekwe hana budi kuyasema kwa uangalifu. Atajifunza pia kuwauliza wengine, barazani na mtandaoni, lile swali ambalo mkutubi huliuliza kila siku: umelipata wapi?

Nao wenye mamlaka juu ya maktaba wajue kwamba hatuwaombi wachague kati ya rafu na simu. Twawaomba wampe mkutubi wa mkoa vitabu vipya, muda wa kuzungumza na wasomaji wake walio mbali, na mahali pa kuweka yale ambayo wananchi wanamletea. Maktaba ya Bukoba itakapoweza kumjibu mtu wa Kitendaguro bila yeye kushuka mjini, na kumtunzia alichokisema hata wajukuu wake wakikute, hapo maktaba hiyo itakuwa imekuwa ya umma kweli.